Uthman hakuitunga Qur'ani, jamani

Nikifundisha tarehe ya makhalifa, darasa haliishi kabla mtu hajanyoosha mkono: "Ustadh, si Uthman ndiye aliyeandika Qur'ani, akazichoma zilizompinga?" Juzi aliuliza mzee mwenye mvi, na waliomzunguka wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Wekeni miaka kwanza. Nusu ya ubishi wetu hufia hapo. Mtume alifariki 632, Uthman akashika ukhalifa 644. Katikati wapo Abu Bakr na Umar. Ni zama za Abu Bakr, baada ya mahafidhi wengi, walioihifadhi Qur'ani moyoni, kuuawa katika vita vya Yamama, ndipo Zayd bin Thabit, kijana aliyekuwa akimwandikia Mtume wahyi, alipoagizwa kuikusanya. Akaifuatilia kwenye makuti ya mitende, mawe bapa na vifua vya watu. Kurasa zile zilikaa kwa Abu Bakr, kisha Umar, kisha bintiye Hafsa.

Uthman anaingia hapa. Mnamo 650 hivi, Hudhayfa bin al-Yaman alirudi kutoka vita vya Armenia na Azerbaijan roho juu: watu wa Sham (Shamu, upande wa Syria) na wa Iraki wanagombania usomaji. Uthman akaziazima kurasa za Hafsa, akamwita Zayd yule yule pamoja na Makureshi watatu, watu wa kabila la Mtume. Wakihitilafiana, waandike kwa lahaja ya Kikureshi. Nakala zikapelekwa mikoani, kurasa zikarudishwa kwa Hafsa. Maandishi mengine yalichomwa, ndiyo. Lakini mwenye nia ya kuificha asili angeirudisha kwa mwenyewe?

Wala msidhani nakala hizo zilikuwa kama misahafu yetu ya chuoni. Irabu hazikuwepo, na nukta zilikuwa adimu. Nilimchorea yule mzee jino moja la herufi ubaoni, bila nukta, nikauliza ni herufi gani. Yeye akasema ba. Nyuma yake wakasema ta, wengine nuni. Wote wamepatia. Ndiyo maana Qur'ani ilipokewa kinywani kwa mwalimu, maandishi yakisaidia tu.

Mengine mnayodai juu ya Uthman ni mepesi. Hakuuawa msikitini; huyo ni Umar, aliyechomwa jambia akiswalisha. Uthman aliuawa nyumbani kwake Madina mwaka 656, baada ya kuzingirwa. Muawiya, jamaa yake, aliwekwa gavana wa Sham na Umar, si yeye. Uthman alimwongezea maeneo, na kwa hilo mlaumuni mkitaka. Mabinti wa Mtume hakuwaoa kwa mpigo: alimwoa Ummu Kulthum baada ya Ruqayya kufariki mwaka 624. Ugonjwa wa Ruqayya ndio uliomzuia kwenda vita vya Badr, kwa agizo la Mtume mwenyewe, si woga.

Na ule msahafu wa kale wa Tashkent, Uzbekistan, mnaotumiana kwenye simu mkisema una damu ya Uthman? Watafiti wengi wa hati za kale wanauweka karne ya 8 au baadaye. Damu ya nani, basi?