Kuzaliwa Nairobi hakumfanyi mtoto kuwa Mkenya

Kwenye foleni za kliniki za wajawazito hapa Nairobi, mama mgeni hakosi mtu wa kumwambia: "Jifungulie hapa, mtoto apate uraia." Sivyo. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinaangalia wazazi, si mahali. Mtoto ni Mkenya kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni Mkenya siku hiyo, hata azaliwe Dubai. Mke na mume Watanzania wakipata mtoto Parklands, hawajapata Mkenya.

Dhana yenyewe haikuzuka hivi hivi. Katiba ya uhuru iliwapa uraia waliozaliwa nchini, hadi mlango huo ukafungwa miaka ya 1980. Wazee wengi bado wanaikumbuka sheria ya zamani.

Ila kinachochanganya zaidi, nadhani, ni cheti cha kuzaliwa. Kila mtoto anayezaliwa Kenya husajiliwa, awe wa mgeni au wa mwenyeji, na muda wa kawaida ni miezi 6. Cheti kinaonyesha amezaliwa wapi, lini na wazazi ni nani. Uraia hakitoi. Lakini usikidharau: ubalozi wenu utakihitaji mkimwombea mtoto pasipoti.