Wanawali wenye busara nao walilala

Huko Bagamoyo, mji wenye misheni ya Kikatoliki tangu mwaka 1868, si ajabu kumsikia muumini akisimulia kwamba, katika mfano wa Yesu wa wanawali kumi waliotoka kumlaki bwana arusi, watano wenye busara walikesha na watano wapumbavu wakalala. Mathayo 25 haisemi hivyo. Mstari wa 5 unaeleza kwamba bwana arusi alipokawia, wote walisinzia wakalala, na kelele ya usiku wa manane iliwaamsha wote. Huenda kosa linatokana na mstari wa 13, unaohimiza kukesha, ambao wasimulizi huurudisha nyuma ndani ya hadithi yenyewe.

Tofauti ilikuwa mafuta. Kila mmoja alitoka na taa yake, lakini wenye busara walichukua pia mafuta ya akiba katika vyombo vyao. Na yeyote aliyewahi kukesha na kandili kwenye shughuli ya arusi (za pwani hazina haraka) anajua kwamba utambi ukianza kutoa moshi na mwanga kuwa mwekundu, maduka yamekwisha kufungwa. Upumbavu unaotajwa hapo ulifanyika mapema, kabla ya usingizi: kuondoka nyumbani kana kwamba bwana arusi hawezi kuchelewa.