"Egg on" haina yai

Nahau ya Kiingereza "egg on" maana yake ni kumchochea mtu afanye jambo, aghalabu la kijinga au la hatari. Vijana wawili wameshakunjana mashati, wa pembeni wanapiga kelele: "Mpige! Unamwogopa?" Hao wa pembeni ndio wenye kitenzi hiki.

Kinachokera ni kuona inatafsiriwa "kumrushia mtu mayai". Hakuna yai hapo. Neno lilitoka Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking, mabaharia wa Skandinavia waliolowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9. Wao walisema "eggja", yaani kumchochea mtu, kutokana na "egg", makali ya upanga. Ndugu yake wa Kiingereza ni "edge". Anayechochewa anatiwa makali, kama panga linavyonolewa kabla ya kazi.

Jina la yai nalo lililetwa na Waviking haohao, lakini ni neno jingine kabisa. Waingereza walikuwa na lao, "ey", wingi wake "eyren". Mwaka 1490 mpiga chapa William Caxton alisimulia wafanyabiashara waliokwama mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja akashuka kutafuta chakula, akamwomba mama mmoja "egges". Mama akamjibu kwamba hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana Kifaransa hata yeye hakukijua, shida yake mayai tu! Mwenzake aliposema "eyren", mama akaelewa. Kiaislandi, lugha iliyotokana na Kinorse hicho, mpaka leo kina "egg" la yai na "egg" la makali, kila moja na jinsia yake ya kisarufi.

Halafu wapo wanaoandika "kumchokoza". Hapana. Anayechokozwa ndiye unayemuudhi wewe mwenyewe, na hasira zake zitakurudia wewe. Katika "egg on" kuna mchochezi na mchochewa, na mara nyingi hasira zinamwangukia mtu wa tatu. Mchochewa wala si lazima awe na hasira. Anaweza kuwa anasukumwa tu aruke kutoka juu ya ukuta.

Kwa hiyo "his friends egged him on" ni "rafiki zake walimchochea". Kama ni ugomvi, "walimtia ndimu" inakaa vizuri zaidi. Angalia tu hiyo "on" isidondoke njiani, kwa sababu "they egged him" ndiyo yenye mayai: walimrushia kweli.