Mrushaji nyota apumzishwe wakati wa lala salama? Maswali ninayoulizwa kuhusu mkono wa besiboli

Ninafanya kazi ya fiziotherapia katika jimbo la Maryland, Marekani. Msimu wa besiboli unapofika lala salama, vijana wanaanza kumiminika kliniki wakiwa wameshika kiwiko, na siku hizi wamo watoto wetu pia, waliozaliwa na Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia huku. Sisi wazazi tulikulia kwenye soka. Mchezo huu hatukuucheza, kwa hiyo kocha akisema mkono unauma kwa sababu ya kuchoka tu, tunamwamini. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa mara nyingi, na nitayajibu bila kuzungukazunguka.

Mrushaji ni nani, na kwa nini yeye ndiye anayeumia?

Ni mchezaji anayemrushia mpigaji mpira. Kila shambulio la wapinzani linaanzia mkononi mwake. Mechi ya wakubwa ina ngwe tisa, yaani vipindi ambavyo katika kila kimoja kila timu inapata zamu yake ya kupiga, na mrushaji anayeanza anaweza kurusha mipira 90 au 100 kabla ya kubadilishwa. Wenzake wanaweza kusimama dakika kadhaa bila kugusa mpira, lakini yeye anarusha kwa nguvu zake zote, tena na tena, kwa mkono uleule.

Ndani ya kiwiko kuna nini kinachochanika?

Kuna ligamenti, utepe mgumu unaoshikanisha mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa kigasha, upande wa ndani, ule unaogusa mbavu ukining'iniza mkono. Mkono unapochapwa mbele kwa kasi, kiwiko kinavutwa kifunguke upande huo. Maabara zimepima nguvu hiyo kwa warushaji wa kulipwa na kukuta kwamba ligamenti ikiachwa peke yake haiwezi kuihimili. Inayoiokoa ni misuli ya kigasha, ambayo inakaza na kubeba sehemu ya mzigo.

Sasa fikiria misuli hiyo imechoka. Mpira unaendelea kurushwa, kocha anapiga makofi, na mzigo wote unahamia kwenye ligamenti. Ndiyo maana nasema uchovu ni jeraha linaloanza. Na kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, mara nyingi hata si ligamenti inayotangulia kuachia. Ni ile sehemu laini ya ukuaji kwenye mfupa, ambako ligamenti na misuli vimejishikiza. Inavutwa hadi inaanza kubanduka.

Mwanangu anasema kiwiko kinamuuma kwa ndani, lakini fainali ni wiki ijayo. Amalize kwanza?

Hapana.

Najua jibu hilo halipendwi, na ndilo ninalolirudia kuliko yote. Anayeumwa upande wa ndani wa kiwiko anapumzishwa leo, si baada ya fainali. Mtoto aliyeletwa siku maumivu yalipoanza, mara nyingi namwambia aache kurusha kwa wiki kadhaa, afanye mazoezi ya bega na mgongo, kisha arudi uwanjani taratibu. Anayeletwa baada ya wiki tano za "amalize kwanza" ndiye ninayempeleka kwa daktari wa mifupa, akapigwe eksirei na kufanyiwa kipimo cha MRI, na wakati mwingine akirudi kwangu anarudi na kovu la operesheni. Wote wawili walianza na maumivu yaleyale. Tofauti yao ni zile wiki tano.

Lakini akipasha mwili moto, maumivu yanaisha. Si dalili nzuri?

Si nzuri hata kidogo. Maumivu yanayotulia mkono ukipata joto, kisha yakarudi usiku au kesho yake asubuhi, ndiyo hasa yanayoniogopesha, kwa sababu yanamdanganya kila mtu: mtoto, baba na kocha. Kupata joto hakujashona kilichochanika.

Nimpe ibuprofeni kabla ya mechi?

Usimpe. Tafadhali usimpe. Maumivu ndiyo kengele pekee aliyonayo mtoto, na wewe unaikata waya ili acheze ngwe nne zaidi. Dawa za maumivu zina kazi yake, lakini si kumfanya mtoto arushe mpira ambao bila dawa asingeweza kuurusha. Hali kadhalika kumchua kwa mafuta ya moto na barafu ya baada ya mechi. Vinampa nafuu ya saa chache, na hakuna hata kimoja kinachoruhusu kurudi uwanjani. Akihitaji dawa ili arushe, hafai kurusha.

Na lile neno "jikaze", naomba tulipumzishe pia. Baba mmoja alimwambia mwanawe mbele yangu, "Jikaze kisabuni, mechi mbili tu zimebaki." Mtoto huyo alikuwa hawezi kunyoosha kiwiko chake hadi mwisho. Hakukosa ujasiri. Kiwiko chake kilikuwa kimevimba ndani.

Hata timu kubwa zinawapumzisha nyota wao ubingwa ukiwa karibu?

Zimewahi, na kisa kinachojulikana zaidi kilitokea jirani yangu hapa Washington. Stephen Strasburg, mrushaji kijana wa Washington Nationals, alifanyiwa operesheni ya ligamenti ya kiwiko Septemba 2010. Msimu wa 2012 ndio uliokuwa wake wa kwanza mzima baada ya hapo. Alishinda mechi 15, na timu ikawa inaongoza kundi lake. Jiji halikuwa limeona mechi za mtoano za besiboli tangu 1933. Katikati ya joto hilo meneja mkuu, Mike Rizzo, akashikilia mpango wake wa kumwekea mkono huo ukomo wa ngwe kwa msimu: Strasburg alirusha mara ya mwisho Septemba 7, akiwa na jumla ya ngwe 159 na theluthi, akakalishwa. Nationals walimaliza na ushindi wa mechi 98, kisha wakatolewa na St. Louis Cardinals katika mechi ya tano na ya mwisho ya mtoano wao, baada ya kuongoza 6-0 na kufungwa 9-7. Mashabiki waliokasirika walikuwa wengi.

Mwaka 2019 Strasburg huyohuyo alishinda mechi mbili za fainali dhidi ya Houston Astros, Nationals wakatwaa ubingwa, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo.

Kwa hiyo kumpumzisha kulimwokoa?

Sitasema hivyo, kwa sababu mkono mmoja hauthibitishi kitu. Baada ya 2019 alirusha mechi nane tu katika ligi kuu, akafanyiwa operesheni nyingine kwa ajili ya neva na mishipa iliyobanwa kati ya shingo na bega, na mwaka 2024 akastaafu. Upande wa pili yuko Matt Harvey wa New York Mets. Alifanyiwa operesheni ya kiwiko Oktoba 2013, akakosa msimu wote wa 2014. Mwaka 2015 yakazuka mabishano makubwa kuhusu ukomo wa ngwe 180 kwa msimu. Ukomo ukapitwa, na hadi fainali dhidi ya Kansas City Royals inaisha alikuwa na ngwe 216. Mwaka uliofuata akafanyiwa operesheni ya aina ileile ya Strasburg, ya kati ya shingo na bega, na hakurudi tena kuwa yule aliyeitikisa New York.

Lawama yangu kwa mipango ya namna hii ni moja: hesabu huanza kukumbukwa Septemba. Kama unajua mkono uliotoka kwenye operesheni utabeba ngwe 160, zigawe tangu Aprili. Mchelewesheni kuanza msimu, au mrukisheni mechi moja moja njiani, ili lala salama ikifika awe na akiba. Kumkalisha ghafla timu ikiwa kileleni kunauma. Ila kati ya maumivu ya mashabiki na ya kiwiko, mimi nachagua ya mashabiki.

Hao ni watu wazima wanaolipwa mamilioni. Mtoto wa miaka 13 anarusha polepole, si salama zaidi?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Watafiti walipochunguza bima binafsi za Marekani za 2007 hadi 2011, zaidi ya nusu ya operesheni hizi za kiwiko zilikuwa zimefanywa kwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Umeona? Vijana wa sekondari, si nyota wa televisheni.

Kuna utafiti mwingine ninaoubandika ukutani kliniki. Uliwalinganisha warushaji vijana waliofanyiwa operesheni na wenzao ambao hawakuumia. Waliokuwa na kawaida ya kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano wa kuishia kwenye operesheni mara 36 zaidi. Waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano. Rudia kusoma ile ya kwanza: uchovu, mara 36.

Basi mtoto arushe mipira mingapi?

Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani na chama cha besiboli cha nchi hiyo walitoa mwongozo. Kwa siku moja, mtoto wa miaka 9 na 10 asizidi mipira 75, wa 11 na 12 asizidi 85, wa 13 hadi 16 asizidi 95. Lakini idadi ya mipira kwa siku ni nusu tu ya sheria, na nusu ya pili ndiyo inayosahaulika: mapumziko. Aliye na miaka 14 au chini akirusha 66 au zaidi, apumzike siku nne. Wa miaka 15 na 16 siku hizo nne zinaanzia mipira 76. Na kila mwaka aache kurusha kimashindano kwa miezi isiyopungua minne.

Sasa tatizo ninaloliona kila wiki. Mtoto yumo kwenye timu ya shule na pia kwenye klabu inayosafiri kucheza mashindano. Ijumaa kocha wa shule anahesabu 80, anaridhika. Jumapili kocha wa klabu anaanza na sifuri, maana ya Ijumaa hakuiona. Kila kocha amefuata sheria, na mkono umerusha 150 ndani ya siku tatu. Anayejua jumla ni mmoja tu, wewe uliyemwendesha garini siku zote mbili. Nunua daftari. Na asiporusha, asipelekwe kudaka nyuma ya mpigaji, kwa sababu mdakaji naye anarudisha mpira kila mara. Hayo si mapumziko.

Nitajuaje amechoka, na yeye anasema yuko sawa?

Atasema yuko sawa. Wote husema, hawataki kutolewa. Mtazame. Mipira inaanza kupaa juu ya shabaha, kasi inapungua, kiwiko kinashuka chini ya bega, anakawia kati ya mpira na mpira, anatikisa mkono au anausugua akidhani humwoni. Akikwambia "mkono umekufa", mwamini neno kwa neno.

Dalili zipi ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo?

Akisikia kitu kimepasuka kiwikoni akirusha. Akivimba. Akishindwa kunyoosha au kukunja mkono. Akipata ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete. Usiuvute mkono kuunyoosha, na usingoje Jumatatu. Usingoje fainali. Nimeshaandika mara ngapi? Nitaandika tena: usingoje fainali.

Nasikia operesheni yenyewe inamfanya arushe kwa kasi zaidi. Si bora afanyiwe mapema?

Nimeulizwa hili na mzazi mwenye akili timamu, huku mtoto wake hana chochote kilichochanika. Operesheni hiyo aliifanya kwa mara ya kwanza Dakta Frank Jobe mwaka 1974, kwa Tommy John wa Los Angeles Dodgers, na ndiyo maana inaitwa kwa jina la mchezaji. Huchukuliwa kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, ikapitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye mifupa ya kiwiko. Tommy John alikosa msimu wote wa 1975, akarudi, akashinda mechi 164 zaidi. Hadithi nzuri, na ni ya kweli. Lakini mrushaji wa leo huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kurudi, na wapo wasiorudi. Wanaorudi na kasi kubwa zaidi wamefanya mazoezi ya mwili mzima kwa mwaka mzima, na pengine wameongezeka kimo na misuli wakati huo. Mazoezi hayo anaweza kuyafanya bila kupasuliwa. Hakuna daktari mwema atakayetoboa mfupa mzima wa mtoto ili kuongeza kasi.

Kocha amesema asiporusha Jumamosi atapoteza nafasi yake. Nifanyeje?

Mpigie wewe, usimwachie mtoto. Mwambie hivi: "Kocha, kiwiko kinamuuma kwa ndani. Hatarusha Jumamosi. Ana miadi Jumatatu, na nitakuletea barua ya kliniki." Usiombe ruhusa, unampa taarifa. Makocha wengi watashukuru kwa kujua. Akikujibu kwamba timu nzima inamtegemea mtoto wa miaka 14, basi timu hiyo ilihitaji warushaji watatu tangu mwezi wa tatu, na kazi hiyo haikuwa ya mwanao. Jumamosi mpeleke uwanjani akae benchi na wenzake, avae jezi, apige kelele. Mpira asiuguse.