Hereni kwenye sikio la mwanaume: yanayosemwa Dodoma na yaliyo kweli

Kaa nusu saa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, Majengo au Chang'ombe, apite kijana mwenye hereni, kisha usikilize. Mmoja atasema ni mhuni. Wa pili atasema ameiga Wazungu. Wa tatu atataka kujua imevaliwa sikio gani, kushoto au kulia, kama hakimu anayesubiri ushahidi. Swali moja tu halitaulizwa, nalo ndilo la maana kuliko yote: alitobolewa na nani, na kwa kifaa gani?

"Hayo si ya kwetu, ni ya kuiga"

Mtu wa pwani akisema hivi nitamsamehe. Mtu wa Dodoma hana kisingizio. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Ugogo na msafara wake mwaka 1857, Henry Morton Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na wote wawili waliandika habari za masikio ya Wagogo. Ndewe, yaani nyama laini ya chini ya sikio, zilitogwa (zilitobolewa), kisha tundu likapanuliwa taratibu kwa vijiti na vipande vinavyozidi ukubwa, mpaka sikio likaning'inia. Waliofanya hivyo walikuwa wanaume na wanawake. Stanley anataja hata shingo za vibuyu vidogo zilizopitishwa kwenye ndewe, mtu akahifadhi humo tumbaku yake. Mfuko wa shati ulikuwa haujafika, na sikio lilifanya kazi hiyo vizuri tu.

Kilichofuata kinajulikana. Wamisionari walifika Mpwapwa miaka ya 1870, zikaja shule, ukaja utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, na sikio lililotogwa likawa alama ya mshamba ambaye hajastaarabika. Hata baada ya uhuru hatukupumzika: mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu wenyewe iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache rubega wavae suruali. Leo mjukuu wa Mgogo akitoboa sikio anaambiwa ameacha mila za babu zake. Babu mwenyewe angecheka.

Nenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi uone tunavyopima kwa mizani mbili. Morani amesimama penye mbuzi, ndewe zake zimefunguka kiasi cha kupitisha kidole, shanga zinaning'inia mpaka karibu na bega. Mnunuzi aliyetoka mjini na gari lake anamsalimia kwa heshima, anaomba na picha. Hatua chache kutoka hapo kijana wa mjini anageuza nyama kwenye jiko, sikioni ana kipini cha fedha kisichozidi punje ya mtama, na mnunuzi yuleyule anamuuliza, "We dogo, umekuwa dada lini?" Ndiyo maana siamini kwamba watu wanachukia tundu. Wanachukia wasipomjua mwenye tundu ni mtoto wa nani na ametoka wapi.

Wanaosema hereni ni za wanawake tangu dunia iumbwe, nao wajue hili: maiti ya mwanaume iliyopatikana kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, yenye umri wa miaka zaidi ya 5,000, ina ndewe zilizotogwa na kupanuliwa. Kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, Farao wa Misri ya kale, kina matundu masikioni. Na picha maarufu inayoaminika kuwa ya Shakespeare, iliyoko London, inamwonyesha na hereni ya dhahabu sikio la kushoto.

"Sikio la kulia lina maana yake"

Dhana hii ilienea kutoka miji ya Marekani miaka ya 1970 na 1980. Huko nako haikuwa na kanuni moja, maana kilichosemwa kuwa ishara ya sikio la kulia mji huu, mji mwingine kilisemwa la kushoto, na baada ya muda mfupi wanaume wakawa wanatoboa yote mawili. Hapa kwetu imefika kama chakula kilichopoa, na bado kuna watu wanaitumia kumhukumu mtoto wa jirani kwamba anapenda wanaume wenzake. Sikio halisemi lolote juu ya jambo hilo. Kijana anachagua upande kwa sababu ndogo kabisa: upande anaolalia, upande anaoweka simu, au upande ambao rafiki yake alianza.

"Dini zote zimekataza"

Hapa lazima twende polepole, kwa sababu nusu ya kauli ni kweli.

Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wanasema haifai mwanaume kuvaa hereni, kwa kuwa wanaihesabu ni pambo la wanawake, na kujifananisha na wanawake kumekatazwa. Dhahabu kwa mwanaume ni katazo jingine linalojitegemea. Kwa hiyo mzazi Mwislamu akimwambia mwanawe avue, hajatunga, anafuata alichofundishwa.

Kwa Wakristo mambo hayajanyooka hivyo. Andiko linalopigiwa kelele zaidi ni Walawi 19:28, na linahusu kujichanja kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini, halitaji sikio. Ukigeukia Kutoka 32:2, Haruni anawaambia watu wavue pete za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao, wana wao na binti zao. Wana wao pia walikuwa nazo. Kosa la siku ile lilikuwa ndama waliyemtengeneza kwa dhahabu hiyo. Mchungaji anaweza kuwa na sababu zake za kukataza hereni kanisani kwake, za adabu au za kutokwaza wengine, na waumini wakazitii. Ila asimtwishe Musa mzigo ambao hakuubeba.

"Ni kosa kisheria, na kazi hupati"

Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachomtia hatiani mwanaume kwa kuvaa hereni. Sehemu ya pili ya kauli ndiyo yenye ukweli, hasa hapa makao makuu, ambako kila familia ina mtu anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, au anayeota kufanya kazi huko. Watumishi wa umma wana waraka wa mavazi. Bunge lina kanuni zake za mavazi, na vyuo navyo vina sheria ndogo zao. Hizo ni taratibu za mahali pa kazi: ukifika getini unavua, ukitoka unavaa. Tundu dogo lililopona halionekani hata kwa mtu aliyekaa mbele ya meza yako. Michoro ya mwilini ndiyo huwakosesha vijana nafasi za jeshi na polisi, kwa sababu matangazo yao huitaja waziwazi na haivuliki.

Kwenye mpira hakuna mjadala. Sheria ya 4 ya mchezo inakataza vito vyote uwanjani, na kuvifunika kwa plasta hakukubaliki. Iwe Uwanja wa Jamhuri au uwanja wa vumbi wa kata, mwamuzi akikwambia vua, hakuonei.

"Bastola ya kutobolea masikio ni ya kisasa, kwa hiyo ni salama"

Sasa tumefika ninapotaka watu wapige kelele.

Nilimtazama mama mmoja sokoni akifanya kazi hiyo. Mkono wake mwepesi, maneno yake matamu. Alichovya pamba kwenye spiriti, akafuta ndewe ya kijana, akaweka alama kwa kalamu, akabana. Tak! Kijana akakunja uso kidogo, akalipa. Mama akaifuta bastola kwa pamba ileile, akaichomeka hereni nyingine, akamwita anayefuata. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu pamba ilikuwa na spiriti, na spiriti kwetu inaaminiwa kama maji ya baraka.

Bastola hizi nyingi zina mwili wa plastiki. Kifaa cha hospitali hutakaswa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, na plastiki hiyo ingeyeyuka. Kwa hiyo haitakaswi, inafutwa tu. Tena haikati, bali inasukuma ncha butu ndani ya nyama kwa nguvu ya springi, ikijeruhi kuliko sindano yenye tundu ndani, inayotolewa kwenye pakiti mbele yako na kutupwa baada ya mtu mmoja. Sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye mshumaa nayo si dawa: moto unaacha masizi, na uzi unaofuata haukuguswa na moto wowote.

Wengi wakisikia hivi wanafikiria UKIMWI. Hatari hiyo ipo, ingawa ni ndogo, kwa kuwa kirusi chake hakidumu sana nje ya mwili. Cha kuogopwa zaidi ni kirusi cha homa ya ini B, ambacho huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu ambalo jicho halilioni. Chanjo yake iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, kama walivyo watu wazima wengi wanaosoma hapa, huenda hakuipata utotoni. Mtu mzima hupima kwanza, na kama hana kirusi huchomwa dozi tatu ndani ya miezi sita.

"Juu na chini ni sikio lile lile"

Ndewe ni nyama laini yenye damu ya kutosha, na kidonda chake hupona kwa wiki 6 hadi 8. Sehemu ngumu ya juu ni gegedu, nalo halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando unaolifunika. Kupona kwake huchukua miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Bakteria wakiingia chini ya utando huo, gegedu linakosa chakula, linakufa, na sikio linakunjamana moja kwa moja. Ukiona sehemu ya juu imekuwa nyekundu, ya moto na inauma ukiigusa, usisubiri usaha. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dereva wa bodaboda ndiye wa mwisho anayepaswa kutoboa juu. Helmeti inabana pale pale, sponji yake imeshiba jasho, na Julai upepo wa Dodoma unaleta vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Abiria naye huvaa helmeti ya abiria aliyetangulia. Nimemwona kijana anayepaka dawa ya meno kwenye kidonda kila jioni na kushangaa kwa nini hakiponi.

Dawa ya meno haiponyeshi kidonda. Majivu hayaponyeshi, na spiriti ya kila siku inaunguza ngozi mpya inayojaribu kuota. Kinachofaa ni maji yaliyochemshwa yakapoa, na robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja, kuosha mara mbili kwa siku kwa mikono iliyonawishwa kwa sabuni. Ule ushauri wa kuizungusha hereni "isishikane na nyama" uacheni, maana kila mzungusho unachana upya kilichoanza kuziba.

"Ukivimba, umelogwa"

Kovu linaloendelea kukua mpaka likapita ukubwa wa kidonda, gumu, la mviringo kama zabibu nyuma ya ndewe, linaitwa keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na hurithiwa katika familia. Kama mama yako au kaka yako analo, iwe kwenye sikio au kwenye kovu la chanjo begani, wewe fikiria mara mbili. Kulikata kwa wembe ni kulialika lirudi kubwa zaidi, na hata upasuaji wa hospitali ukifanywa peke yake mara nyingi hurudisha. Kwa kawaida daktari huchoma dawa ndani ya kovu lenyewe, mara kadhaa, kwa uvumilivu.

Muwasho na majimaji yasiyoisha kwa kawaida si keloidi wala uchawi. Mara nyingi ni nikeli, madini yaliyochanganywa kwenye hereni za shilingi elfu moja kwa jozi. Titaniamu au dhahabu ya karati 14 kwenda juu isiyochanganywa na nikeli huwa haina tatizo hilo, na ngozi ikishaikataa nikeli haiizoei tena, hata uvumilie vipi. Buku moja uliyookoa inaishia kwenye foleni ya zahanati.

"Ukishatoboa, damu yako haitakiwi tena"

Inatakiwa, ila kwa kusubiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kutotoa damu kwa miezi 6 baada ya kutoboa mwili. Kama aliyekutoboa ni mtaalamu wa afya aliyesajiliwa na uvimbe umekwisha kabisa, saa 12 zinatosha. Kwenye kambi ya kuchangia damu ukiulizwa kama umetoboa karibuni, taja tarehe yenyewe na ulipotobolewa, hata kama ni kwa yule mama wa sokoni.