Reli nyepesi si metro ya maskini

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa diwani mmoja, mtu msomi, ramani ya mji ameikunjua mezani: "Mtaalamu, hiyo reli nyepesi, hivyo vitreni vya juu ya ardhi, ni ya kuanzia tu. Sisi tunataka kitu cha maana. Metro, chini kwa chini." Sentensi hiyo naijua kama mtu wa Kimara anavyoijua foleni ya asubuhi. Kabla ya diwani alikuwa mwanafunzi, na kabla ya mwanafunzi dereva wa teksi. Basi leo naiandika, ili mwingine akija nimpe asome, mimi nimalizie chai yangu.

"Reli nyepesi ni metro ya maskini"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana ndani yake hamna habari ya reli hata kidogo. Ni habari ya heshima. Mtu wa pembezoni akiona katikati ya mji wana treni ya chini, yeye akaahidiwa ya juu, anahisi kapewa makombo. Na mwanasiasa anayeijua kazi yake huinusa hisia hiyo mapema kuliko mimi na takwimu zangu.

Darasa langu ni Toronto, Kanada. Mwaka 2007 meya David Miller alitangaza mpango ulioitwa Transit City: njia saba za reli nyepesi, kama kilomita 120, nyingi zikielekea vitongoji ambavyo metro haikuwahi kufika. Oktoba 2010 akachaguliwa Rob Ford, na siku yake ya kwanza ofisini, tarehe 1 Desemba, akatangaza kwamba mpango umekufa. Watu wanataka metro, alisema, na reli ya barabarani inamnyang'anya mwenye gari nafasi yake. Februari 2012 mkuu wa shirika la usafiri la jiji, Gary Webster, aliyekuwa ameiunga mkono reli nyepesi mbele ya madiwani, akaondolewa kazini kwa kura tano dhidi ya nne.

Sasa twende Scarborough, mashariki ya jiji. Kule tangu 1985 kulikuwa na treni ndogo iliyokuwa imechakaa. Mpango ulikuwa kuibadilisha kwa reli nyepesi ya vituo saba, serikali ya jimbo ikibeba gharama. Oktoba 2013 baraza la jiji likachagua metro ya vituo vitatu, na wenye nyumba wakaongezewa kodi kuichangia. Mwaka 2016 vituo vitatu vikawa kimoja. Mwaka 2019 serikali ya jimbo chini ya Doug Ford, kaka yake Rob, ikavirudisha vitatu, kwa makadirio ya dola bilioni 5.5 za Kanada. Julai 2023 behewa la nyuma la ile treni kuukuu likaacha reli, watu watano wakaumia, na njia haikufunguliwa tena. Abiria wakahamishiwa kwenye mabasi, metro yao ingali inachimbwa.

Kinachonikera hasa si bei. Ile reli nyepesi ya vituo saba isingekutana na gari hata moja! Ingepita katika mkondo wa treni kuukuu, uliotengwa na barabara. Hakuna taa nyekundu, hakuna leni ya mtu iliyochukuliwa. Lakini mjadala mzima ukaenda kana kwamba watu wanaletewa tramu, treni ya barabarani, ya kugombania njia na malori. Neno "nyepesi" liliwashinda kabla ramani haijafunguliwa.

Na neno lenyewe halikuambii kitu. Docklands ya London, iliyofunguliwa 1987, inaitwa reli nyepesi. Haina dereva na haikutani na gari popote. Njia ya Eglinton, hukohuko Toronto, nayo inaitwa nyepesi, na zaidi ya nusu ya kilomita zake 19 imo handakini. Ujenzi ulianza 2011, na lengo la kufungua 2020 likapita. Wepesi haukuiokoa, kwa sababu kinachokula pesa na miaka ni shimo na vituo vya humo shimoni, wala si aina ya behewa. Halafu tazama Cairo: njia ya kwanza ya metro yake, ya 1987, sehemu kubwa inatambaa juu ya ardhi, kwenye reli ya zamani ya kwenda Helwan. Sijasikia mtu akiiita ya kimaskini.

Kwa hiyo ukija kwangu usiniulize nyepesi au nzito. Niulize treni ina njia yake peke yake au inachangia, inapita kila baada ya dakika ngapi, na bibi yako atatembea umbali gani kufika kituoni.

"Chini ndiko kwenye kasi"

Kati ya kituo na kituo, kweli. Ila abiria haanzii kituoni, anaanzia mlangoni kwake. Kila mteja wangu anayesafiri kwenda mji wenye metro namtuma kazi moja: shika saa, anza kuhesabu ukiwa ukingoni mwa barabara, simamisha ukifika jukwaani. Wengi hurudi kimya. Isitoshe, kituo cha chini ni ghali, kwa hiyo huwekwa vichache na mbalimbali. Kwa safari ya vituo viwili vitatu, muda uliouokoa kwenye treni umeshaulipa kwa miguu.

"Metro hubeba wengi"

Hubeba wengi pakiwa na wengi. Njia ya Sheppard ya Toronto, iliyofunguliwa 2002, ni kilomita 5.5 na vituo vitano, na treni zake zina mabehewa manne badala ya sita ya njia kubwa. Calgary, nchi hiyohiyo, ina reli nyepesi tangu 1981, na katikati ya mji inapita mtaani, juu ya ardhi. Kabla ya korona ilikuwa ikibeba watu zaidi ya 300,000 kwa siku ya kazi. Bomba likiwa pana halileti maji.

"Hayo wanaamua wahandisi"

Laiti. Mwaka 1994 Toronto ilianza kuchimba metro chini ya barabara hiyohiyo ya Eglinton. Mwaka 1995 ikaingia serikali nyingine ya jimbo, kazi ikasimamishwa na shimo likafukiwa. Udongo ulikuwa uleule.

Kinachoamuliwa ni nani apoteze leni. Handaki ni njia ya kukwepa kumwambia mwenye gari "sogea". Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa meya yeyote ni: uko tayari kuchukua leni ngapi? Akijibu hakuna, basi tumeshaanza kuzungumzia pesa za handaki, habari za teknolojia tuziweke kando. Dar es Salaam jambo hilo gumu tumeshalifanya: tangu 2016 katikati ya Morogoro Road ni pa mabasi ya mwendokasi. Basi likichelewa na watu wakabanana mlangoni, dawa ni mabasi. Wapo wanaotoka kwenye mbanano huo wakihitimisha kwamba tunahitaji metro!

"Addis Ababa ilijaribu ikashindwa"

Reli nyepesi ya Addis ilifunguliwa Septemba 2015, kwa dola za Marekani milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa China. Miaka michache baadaye treni nyingi kati ya 41 zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Wanaonitajia Addis hutaka niseme kwamba metro ingepona. Ingeponaje? Mji uliokosa vipuri vya behewa la juu, ulishushe chini, uongeze na feni za hewa, ngazi za umeme na pampu za maji zinazofanya kazi usiku na mchana. Hizo nazo zina vipuri.

Tena kwa habari ya pampu, diwani wangu nilimwomba kitu kimoja tu: masika ijayo, kabla hajaikunjua ile ramani tena, akasimame Jangwani, lile bonde la Dar es Salaam linalofurika mvua zikinyesha.