Resonansi ya umeme: stesheni moja kwa kila seli

Ukinunua redio Luthuli Avenue, fundi hukuzungushia kitufe mpaka stesheni ishike. Sakiti ndani yake ina mdundo wake, na wimbi lenye mdundo huohuo ndilo huitikiwa. Kuku anayeparua nyuma ya ploti kule Umoja, honi za matatu zikimpigia kelele, ana sakiti za aina hiyo maelfu sikioni. Ila hazina kitufe: kila seli na stesheni yake. Hiyo ndiyo resonansi ya umeme.

Zinaitwa seli za nywele, jina linalopotosha kidogo, maana “nywele” ni vijiti vidogo mno vilivyopangwa kama ngazi kichwani pa seli. Sauti ikivilaza, vijilango hufunguka na ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za potasiamu huingia. Umeme wa ndani, ambao kwa kawaida uko makumi ya milivolti chini ya sifuri, hupanda. Hapo milango ya kalisiamu ubavuni hufunguka, nao unapanda zaidi. Lakini kalisiamu hiyohiyo hufungua milango mingine, inayotoa potasiamu nje, na umeme hushuka. Milango hufungwa, mzunguko unaanza upya. (Potasiamu iingie juu itokee ubavuni? Ndiyo: kichwa cha seli kimezama kwenye majimaji yaliyojaa potasiamu, ubavu kwenye yenye potasiamu kidogo.)

Watafiti Crawford na Fettiplace walieleza jambo hili kwa kasa mwaka 1981. Kwa vifaranga, Fuchs na wenzake walilionyesha mwaka 1988. Seli ilitolewa sikioni, ikaguswa kwa bomba jembamba la kioo, ikapewa mkondo mdogo usiobadilika. Ungetarajia umeme upande utulie. Wapi! Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, ukififia polepole kama kengele iliyogongwa mara moja. Hakukuwa na sauti yoyote. Mdundo ulikuwa wa seli yenyewe.

Kasi ya mdundo huo hutegemea hasa ile milango ya kutoa potasiamu: ni mingapi, na hufunguka upesi kiasi gani. Ikiwa michache na mizito, seli hushika sauti nene. Ikiwa mingi na myepesi, sauti nyembamba. Kwa hiyo seli hupangana kutoka nene hadi nyembamba kwenye kiungo cha kusikia chenye urefu wa milimita chache tu.

Sikio letu sisi huchuja sauti kwa njia nyingine, hasa kwa mtikisiko wa utando unaobeba seli hizo.